Pikipiki kubwa ya barabara ndefu

Shoka na kisu vyote hukata. Lakini hakuna mtu mwenye akili anayechonga mtumbwi kwa kisu, wala anayemenya ndizi kwa shoka. Kila chombo kina kazi yake, na umbo la chombo hufuata kazi hiyo.

Ndivyo ilivyo kwa pikipiki pia. Kuna pikipiki ndogo, nyepesi, za kupita katika njia nyembamba na katika matope. Kuna pikipiki za mashindano, zilizotengenezwa kwa kukimbia tu. Na kuna pikipiki kubwa, nzito, ya chini, yenye kiti kipana, ambayo kazi yake ni safari: kwenda siku nzima katika barabara nzuri, bila kumchosha mwendeshaji. Somo hili ni la pikipiki hiyo ya tatu. Mfano wake ni mashini moja yenye sifa sana, iliyotoka kiwandani katika inchi ya Marekani mwaka 1949, jina lake Harley-Davidson Hydra-Glide.

1. Mafundi wa Milwaukee

Katika inchi ya Marekani, karibu na ziwa kubwa liitwalo Michigan, kuna mji wa Milwaukee. Mwaka 1903 vijana wawili wa mji ule, William Harley na Arthur Davidson, walitengeneza pikipiki yao ya kwanza. Hawakuwa na kiwanda. Walifanya kazi ndani ya kibanda cha mbao nyuma ya nyumba ya akina Davidson, kibanda chenye urefu wa meta 4 na nusu na upana wa meta 3. Darasa la shule ni kubwa kuliko hicho.

Ndugu wawili wa Arthur, Walter na William, walikuja kuwasaidia. Wote wawili walikuwa wamejifunza kazi ya vyuma katika karakana za gari la moshi. Harley naye aliona kwamba mikono peke yake haitoshi. Akaenda kusoma ufundi katika chuo kikuu cha Wisconsin, akamaliza mwaka 1907. Mwaka uleule kampuni yao iliandikwa kwa sheria.

Mwaka 1908 Walter Davidson aliingia katika mashindano ya safari ndefu katika milima ya mkoa wa New York. Hayakuwa mashindano ya kukimbia. Mwendeshaji alitakiwa kufika kila kituo kwa saa yake, bila mashini kuharibika. Walter alipata alama 1,000, maana yake alama zote, akashinda. Basi tangu mwanzo sifa ya mashini hizo ilikuwa kudumu njiani, si mbio tu.

2. Umbo lake

Tazameni kwanza urefu wake. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hata katikati ya gurudumu la nyuma ni karibu meta moja na nusu. Mikono inayoshika gurudumu la mbele haikusimama wima. Imelala kidogo, hata gurudumu linatangulia mbele. Sababu gani? Mvuvi wa ziwani anajua jibu. Mtumbwi mrefu hushika njia iliyonyoka, hata mawimbi yakiupiga. Mtumbwi mfupi hugeuka upesi, lakini huyumba upande huu na upande huu. Pikipiki ndefu ni kama mtumbwi mrefu: katika njia iliyonyoka inakwenda yenyewe imetulia, na mikono ya mwendeshaji haichoki. Lakini katika kona nyembamba ni ngumu kuigeuza.

Tazameni kisha kiti. Ni kipana, na kiko chini. Mwendeshaji akisimama, nyayo zake zote mbili zinagusa chini vizuri. Hilo ni jambo kubwa, maana mashini ina uzito wa zaidi ya kilo 250. Mtu hawezi kuizuia kwa ncha za vidole. Katika mwendo miguu yake inakaa juu ya vibao viwili vipana, mbele ya mwili wake, na mgongo wake unanyoka kama wa mtu aliyekaa kitini nyumbani. Mwendeshaji wa mashindano huinama ili upepo usimzuie. Huyu hainami, anapokea upepo kifuani, kwa sababu hana haraka kama yule.

Juu, mbele ya kiti, liko tangi la esanse. Kwa kweli ni matangi mawili, moja kuume na moja kushoto, yaliyokumbatia chuma cha kati. Katikati yake, juu, kuna saa ya kuonyesha mwendo. Chini ya kiti kuna tangi jingine, la mafuta ya kulainisha motere, lenye umbo la kiatu cha farasi.

Magurudumu ni mafupi na mipira yake ni minene. Mpira mnene wenye upepo mwingi hupunguza mishtuko ya njia. Tena ndani ya mikono ya gurudumu la mbele mlikuwa na risori pamoja na mafuta. Gurudumu likipiga shimo, risori inabonyea, na mafuta yanapita polepole katika matundu madogo, hivi risori hairukiruki. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kiwanda hicho kutia mikono ya namna hii katika pikipiki yake kubwa, na jina la Hydra-Glide lilitoka humo.

Lakini gurudumu la nyuma halikuwa na risori hata moja. Lilifungwa katika chuma moja kwa moja. Basi mafundi walitia risori chini ya kiti, ndani ya bomba. Mashini ilipigwa na mashimo, lakini mtu alisaidiwa kidogo. Gurudumu la nyuma lilipata risori zake mwaka 1958 tu.

3. Motere

Motere ya pikipiki ndogo ina silinda moja. Motere hii ina silinda mbili. Zimesimama moja mbele na moja nyuma, zimeachana juu na kukutana chini, kama vidole viwili vilivyofunguliwa, yaani kama herufi V. Pembe kati yao ni digri 45. Kiwanda hicho kilitoa motere ya namna hii mwaka 1909, na pembe hiyo imeonekana katika pikipiki zake kubwa kwa zaidi ya miaka mia.

Ndani ya kila silinda mna pistoni inayopanda na kushuka. Kazi yake ina hatua nne. Hatua ya kwanza: pistoni inashuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na esanse. Ya pili: inapanda na kuibana. Ya tatu: bugi inatoa cheche, mchanganyiko unawaka, na pistoni inasukumwa chini kwa nguvu. Ya nne: inapanda tena na kutoa moshi. Katika hatua hizi nne, moja tu ndiyo inayotoa nguvu. Zile tatu nyingine zinakula nguvu.

Basi nani anayeizungusha motere katika hatua zile tatu? Ni magurudumu mawili mazito ya chuma yaliyo chini, ndani ya motere. Yakianza kuzunguka, hayapendi kusimama. Yanaweka nguvu ya mlipuko mmoja na kuitoa polepole hata mlipuko unaofuata. Kwa sababu hiyo motere hii inaweza kuzunguka pole sana bila kuzimika.

Ukubwa wa silinda zote mbili pamoja ni sentimeta kubiki 1,207. Pikipiki nyingi za kubeba abiria katika miji ya Kongo zina 125 ao 150. Upana wa kila silinda ni milimeta 87, na safari ya pistoni, kutoka juu hata chini, ni milimeta 101. Safari ni ndefu kuliko upana. Pistoni yenye safari ndefu haiwezi kupanda na kushuka upesi mno. Ikilazimishwa, vyuma vinaumia.

Fikirini watu wawili wanaoendesha kinga. Mmoja ni mwepesi, anazungusha miguu upesi upesi, lakini anakanyaga kwa nguvu ndogo. Mwingine ana mapaja makubwa. Anazungusha miguu pole, lakini kila akikanyaga, kinga inaruka mbele. Motere hii ni kama mtu wa pili. Nguvu yake yote ni karibu nguvu za farasi 50, na mwendo wake mkubwa ni karibu kilometa 150 kwa saa. Lakini uzuri wake hauko hapo. Uzuri wake ni kwamba inapanda mlima, ikiwa imebeba watu wawili na mizigo yao, bila kupiga kelele za kulazimishwa.

Motere huwa na moto mwingi. Motere hii haipozwi kwa maji. Inapozwa kwa upepo wa safari. Kila silinda imezungukwa na mapezi mengi ya chuma, ili upepo ushike mahali pengi. Tangu mwaka 1948 vichwa vya silinda vilifanywa kwa aluminiumu, ambayo hupitisha moto upesi kuliko chuma cha kawaida. Hata hivyo kuna shida moja. Silinda ya nyuma inajificha nyuma ya ile ya mbele, na upepo hauifikii vizuri. Katika barabara ndefu hakuna neno. Lakini katika mji, kati ya motokari nyingi zilizosimama, silinda ya nyuma inapata moto sana, na mguu wa mwendeshaji unajua.

4. Sauti yake

Watu wengi huitambua pikipiki hii kwa masikio kabla ya kuiona kwa macho. Sauti yake haikutengenezwa kwa makusudi ya kupendeza. Ilitoka katika umbo la motere.

Pistoni zote mbili zimefungwa kwa pini moja. Mafundi walifanya hivyo ili motere iwe nyembamba na vyuma viwe vichache. Sasa hesabuni. Mzunguko mmoja una digri 360. Hatua nne za pistoni zinahitaji mizunguko miwili, yaani digri 720. Kama milipuko miwili ingegawanya njia hiyo sawasawa, kila mmoja ungengoja digri 360. Lakini kwa sababu ya pembe ya digri 45, haigawanyiki sawa. Baada ya mlipuko wa kwanza motere inazunguka digri 315, mlipuko wa pili unakuja. Halafu inazunguka digri 405 kabla ya mlipuko wa kwanza kurudi.

Pigeni makofi hivi: moja, mbili, ngoja, moja, mbili, ngoja. Ndiyo sauti yake. Ni kama mwendo wa mtu anayechechemea kidogo lakini hachoki. Watu walizidi kuipenda sauti hiyo hata mwaka 1994 kiwanda kiliomba serikali ya Marekani iandike sauti hiyo kuwa mali yake, kama mtu anavyoandikisha alama ya bidhaa zake. Viwanda vingine vilikataa, maneno yakawa marefu, na mwaka 2000 ombi likaondolewa.

Lakini motere inayochechemea inatetemeka pia. Vioo vya mwendeshaji, taa, na parafujo zote hutikisika. Mwenye pikipiki ya namna hii alijifunza kutazama parafujo zake kila asubuhi na kukaza zilizolegea. Asiyetazama aliacha vyuma vyake njiani.

5. Kuiwasha na kuiendesha

Leo mtu anabonyeza kidude kwa kidole, na pikipiki inawaka. Hydra-Glide haikuwa hivyo. Iliwashwa kwa mguu. Motere ya umeme ya kuiwashia pikipiki kubwa ya kiwanda hicho ilitiwa mwaka 1965.

Mwendeshaji alifungua esanse. Kisha alizungusha mpini wa kushoto ili cheche ya bugi ichelewe kidogo. Asiposahau jambo hilo, kazi ilikuwa nzuri: alipanda juu ya kikanyagio, akakisukuma chini kwa uzito wake wote, na motere ikaanza kunguruma. Akisahau, cheche ilikuja mapema, pistoni ikarudishwa nyuma, na kikanyagio kikapiga mguu kama teke la punda. Kuna watu waliovunjika mguu kwa kusahau kitu kidogo kama hicho.

Kubadilisha vitesi kulitaka mkono na mguu. Mguu wa kushoto ulikanyaga kibao cha kuachanisha motere na gurudumu. Mkono wa kushoto uliacha usukani na kusukuma mti wa chuma ulio kando ya tangi. Vitesi vilikuwa vinne. Tangu mwaka 1952 mnunuzi aliweza kuchagua namna mpya, ya kubadilisha vitesi kwa mguu na kushika kibao kwa mkono, na mikono yote miwili ikabaki katika usukani.

6. Uzito na freni

Uzito una faida. Pikipiki nzito haitupwi na upepo wa lori linalopita. Lakini uzito una deni lake, na deni hilo hulipwa wakati wa kusimama.

Freni za Hydra-Glide zilikuwa za ngoma: ndani ya gurudumu mna vipande viwili vinavyotanuka na kusugua ukuta wa ngoma. Msuguano huleta moto. Katika mteremko mrefu ngoma inapata moto sana, na freni inalegea. Mwendeshaji mwenye akili hakungoja hata akafika chini. Alirudisha vitesi mapema, akaiacha motere yenyewe izuie mwendo. Freni ya sahani, ambayo hupoa upesi kwa sababu iko nje, ilitiwa katika gurudumu la mbele la pikipiki hizo kubwa mwaka 1972.

Hapa kuna sheria moja ambayo kila mtoto aishike, hata yule ambaye hataendesha kitu isipokuwa kinga. Mwendo ukiongezeka mara mbili, njia ya kusimama haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne. Tuseme pikipiki inayokwenda kilometa 50 kwa saa inasimama katika meta 16 tangu freni kushika. Kwa kilometa 100 itataka meta 64. Tena kabla ya mkono kushika freni, macho yanaona na akili inafikiri. Hata hapo pikipiki haingoji: kwa kilometa 100 inapita karibu meta 28 katika sekonde moja. Basi anayeona mbuzi barabarani umbali wa meta 70 naye anakimbia hivyo, amekwisha kuchelewa.

Kuna neno la kona pia. Pikipiki hugeuka kwa kulala upande. Lakini vibao vya miguu vya mashini hii viko chini. Ikilala sana, kibao kinasugua barabara na kutoa cheche. Kusugua huko ni onyo. Anayelaza zaidi atainua gurudumu, na atakuwa chini pamoja na kilo 250 za chuma.

7. Mashini mpya na mashini ya zamani

Mwaka 1969 kiwanda cha Honda, cha inchi ya Japani, kilianza kuuza pikipiki iitwayo CB750. Ilikuwa na silinda nne na sentimeta kubiki 736 tu. Lakini ilikuwa na nguvu za farasi 67, freni ya sahani mbele, na ilifika karibu kilometa 200 kwa saa. Haikutetemeka, haikuvuja mafuta, tena iliwaka kwa kidole.

Wakati huohuo kazi katika kiwanda cha Milwaukee ilikuwa imelegea. Katika miaka ya 1970 pikipiki nyingi zilitoka zikiwa zinavuja, na wanunuzi walinung'unika. Mwaka 1981 wakubwa 13 wa kazi walikopa feza na kukinunua kiwanda kutoka kwa kampuni iliyokuwa na mali. Walijua ya kuwa hawawezi kuishinda Japani kwa mbio. Wakauliza: watu wanapenda nini katika mashini yetu? Jibu lilikuwa umbo lake, sauti yake, na mwendo wake wa kutulia. Na wanachukia nini? Mafuta yanayovuja na vyuma vinavyoharibika.

Basi mwaka 1984 walitoa motere mpya, ya V ileile ya digri 45, lakini iliyochongwa vizuri zaidi na isiyovuja. Mwaka huohuo walitoa pikipiki iitwayo Softail. Ukiitazama, nyuma yake ni kama ile ya mwaka 1949, haina risori. Kwa kweli risori ziko, zimefichwa chini ya mashini. Jicho lilipata kitu cha zamani, na mgongo ukapata raha mpya. Hivi kiwanda kikapona.

Mafundisho

Mashini hii si ya mbio kuliko zote, wala si nyepesi, wala haili esanse kidogo. Anayeitaka kwa njia za matope za msituni atajuta siku ya kwanza. Lakini katika kazi iliyotengenezewa, yaani barabara nzuri na safari ndefu, watu wameipenda kwa vizazi vingi. Mafundi wake walipotengeneza kazi kwa ulegevu, sifa ya zamani haikuwasaidia. Walipotengeneza vizuri tena bila kutupa kilicho chema, wanunuzi walirudi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Maswali

1. Kibanda cha kwanza cha mafundi kilikuwa na urefu na upana gani?
2. Sababu gani pikipiki ndefu ni nzuri katika njia iliyonyoka na ngumu katika kona?
3. Tajeni hatua nne za pistoni. Ni hatua gani inayotoa nguvu?
4. Kwa nini silinda ya nyuma inapata moto kuliko ya mbele?
5. Mwendeshaji alifanya nini kabla ya kukanyaga ili asipigwe na kikanyagio?
6. Risori za Softail ziko wapi? Kwa nini zilifichwa?

Hesabu

1. Pikipiki ina kilo 250, na mwendeshaji ana kilo 75. Motere ina nguvu za farasi 50. Kila nguvu ya farasi moja inavuta kilo ngapi?
2. Kwa kilometa 50 kwa saa, pikipiki inasimama katika meta 16. Itasimama katika meta ngapi kwa kilometa 150 kwa saa? Kumbukeni: mwendo umeongezeka mara tatu.
3. Pimeni umbali huo kwa hatua katika uwanja wa shule. Mtoto mmoja asimame mwanzo na mwingine mwisho. Tazameni vizuri ni mbali namna gani.